Nilipunguza Chakula, Nikapoteza Misuli

Nilipotimiza miaka 52 niliamua kula kidogo. Presha ilikuwa imeanza kupanda, nguo zinanibana, na karibu kila niliyemuuliza aliniambia nipunguze sahani. Asubuhi nikabaki na chai na kipande cha mkate, mchana matunda, usiku chochote kilichokuwepo. Baada ya miezi minane nilikuwa nimepungua kilo 9. Watu wakanisifu. Hawakujua kwamba nikitaka kuinuka kwenye kochi ilinibidi nijishike mahali, na kwamba ngazi nilizozoea kuzipanda huku nikiongea, sasa nazipanda kimya.

Mtaalamu wa lishe niliyemwendea hakuniuliza nakula kiasi gani. Aliniuliza, "Asubuhi unapata protini wapi?" Sikuwa na jibu.

Kumbe kuanzia miaka ya 30 hivi misuli huanza kupungua polepole, na tukishavuka 60 kasi huongezeka. Ukijinyima chakula bila mazoezi, mafuta na misuli vinaondoka pamoja, na uzito ukirudi, sehemu kubwa ya unaorudi ni mafuta. Tena misuli ya mtu wa makamo ni mizito kuitikia protini kuliko ya kijana, ndiyo maana haisaidii sana kuilimbikiza yote kwenye chakula cha usiku. Kila mlo unapaswa kuwa na yake.

Kiwango cha kawaida cha protini kwa mtu mzima ni gramu 0.8 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, ila wataalamu wengi wa afya ya wazee hushauri waliopita miaka 65 wapate gramu 1 hadi 1.2. Kwa mtu wa kilo 70, hiyo ni gramu 70 mpaka 84. Sasa yai moja lina gramu 6 hivi, kikombe cha maziwa 8, nusu kikombe cha maharage yaliyopikwa 7 au 8. Nilipopiga hesabu ya siku yangu nzima nilisikitika kwa kweli.

Nikabadilisha. Asubuhi mayai mawili na mtindi, mchana maharage au dengu pamoja na mboga za majani, jioni samaki au kuku. Wanga sikuuacha, ila nilipendelea nafaka zisizokobolewa. Na nikaanza zoezi moja jepesi: kukaa kwenye kiti na kuinuka bila kutumia mikono, mara kumi, nikipumzika na kurudia. Naomba hili lisipuuzwe, kwa sababu misuli isiyofanyishwa kazi haijengwi na mayai peke yake. Mwenye ugonjwa wa figo, tafadhali usinifuate kabla ya kuzungumza na daktari wako. Kwako protini nyingi inaweza kuwa na madhara.

Kuhusu chumvi nitasema kidogo tu. Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ukijumlisha na iliyojificha kwenye mkate, soseji na supu za pakiti.

Ninalotaka kulisema kwa uzito zaidi linamhusu mama yangu. Ana miaka 79. Alianza kulalamika ganzi miguuni, akawa anasahausahau, nasi watoto tukasema ni uzee. Kipimo cha damu kikaonyesha vitamini B12 iko chini sana. Vitamini hiyo hupatikana kwenye nyama, samaki, mayai na maziwa, lakini ili mwili uitoe kwenye chakula unahitaji asidi ya tumbo, na kwa wazee wengi asidi hiyo hupungua. Kwa mama kulikuwa na jambo la pili: dawa ya kisukari ya metformin, ambayo ikitumiwa miaka mingi huweza kupunguza B12. Alipopewa tiba, ganzi ilipungua taratibu, ingawa haikuisha yote, maana mishipa ya fahamu ikiumia muda mrefu si rahisi irudi ilivyokuwa.

Kama mzazi wako, au wewe mwenyewe, unatumia dawa hiyo, muulize daktari B12 ilipimwa lini mara ya mwisho. Mama alikuwa ameitumia miaka 11, na si sisi wala waliomtibu tuliowahi kuuliza.