Kabla ya Kubadilisha Pampu: Kwa Mafundi Wanaoanza Kutengeneza Mashine za Kufulia

Kwa ninyi vijana mnaoanza kujifunza kazi hii hapa Kigoma, naona ni haki nianze na kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza wa ufundi niliitwa kwenye nyumba ya wageni upande wa Ujiji, ambako mashine yenye mlango wa mbele ilikuwa ikimaliza kufua na kusimama huku pipa likiwa limejaa maji. Niliisikia pampu ikivuma bila kutoa kitu, nikahukumu kwamba imechoka, nikaagiza nyingine kutoka Dar es Salaam. Tuliisubiri siku kadhaa, nikaifunga, na mashine ikabaki vilevile. Ubovu haukuwa ndani ya mashine hata kidogo. Bomba la ukutani linalopeleka maji kwenye shimo lilikuwa limeziba kwa utando wa sabuni, mchanga na mafuta ya mawese, na kwa kuwa mpira wa kutolea maji ulikuwa umeshindiliwa ndani ya bomba hilo na kuzungushiwa kamba ya tairi, hakuna tone lililomwagika sakafuni ili kunishtua. Pampu nzima niliyoing'oa siku ile bado ninayo kibandani.

Mawese yanastahili maelezo kidogo, kwa sababu huku kwetu hayakwepeki. Mafuta hayo huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 35 hivi. Aproni za wapishi zikifuliwa kwa maji ya moto, mafuta hutoka kwenye nguo yakiwa majimaji kabisa, hupita kwenye chujio na pampu bila shida, kisha hupoa ndani ya bomba lililofukiwa ardhini na kushikamana na mchanga. Ndiyo maana nyumba inayopika sana huziba bomba mapema kuliko mashine.

Tangu hapo, jambo la kwanza ninalofanya ni kumsikiliza mwenye mashine kwa makini, kwa kuwa maneno "haitoi maji" yana maana mbili. Maji yakionekana kwenye kioo cha mlango, hapo kweli hayatoki. Lakini nguo zikiwa zimelowa tu na pipa halina maji, mashine imeyatoa ila haikukamua, na sababu huenda ni blanketi moja zito lililojikunja upande mmoja hadi mashine ikakataa kuzunguka kwa kasi. Fundi asiyeuliza hufungua pampu ya mashine iliyokuwa ikihitaji tu nguo zipangwe upya.

Jambo la pili ni ndoo. Chomoeni mpira kwenye bomba la ukutani, uingizeni kwenye ndoo kubwa iliyowekwa juu ya kiti, kisha washeni hatua ya kutoa maji. Maji yakiruka kwa nguvu ndani ya ndoo, mashine ni nzima na kazi iliyobaki ni ya bomba la nyumba. Yakitoka kwa kudondoka, au yasipotoka kabisa, sasa mna sababu ya kuikagua mashine yenyewe. Jaribio hili halichukui hata dakika tano, na kama ningelijua wakati ule nisingeagiza pampu.

Kabla ya kufungua chochote, chomoeni plagi kwenye soketi. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwa sababu mtakuwa mmepiga magoti kwenye sakafu yenye maji. Kama nguo zilifuliwa kwa moto, subirini maji yapoe. Shusheni mpira hadi chini kwenye beseni, kwani mara nyingi sehemu kubwa ya maji itatoka yenyewe kwa mteremko, kisha legezeni kifuniko cha chujio kilichoko chini mbele, taratibu, nusu mzunguko kwa wakati mmoja, huku beseni la kina kifupi likiwa tayari. Anayekizungusha chote kwa pupa hujikuta akikausha chumba cha watu kwa saa nzima.

Humo ndimo zilipo sababu nyingi: sarafu, vifungo, pini za nywele, vijiti vya meno, nyuzi za kitenge. Nguo za watu wa mwalo wa Kibirizi huacha mchanga na magamba ya samaki. Mkishatoa uchafu, ingizeni kidole mpaka kwenye feni ndogo ya pampu na kuizungusha. Itasita na kuruka kwa hatua, na wanafunzi wangu karibu wote hudhani imekwama. Haijakwama; ndani yake mna sumaku, na kuruka huko ndiyo tabia yake. Iliyokwama haisogei kabisa, au imezungukwa na uzi. Inayozunguka kirahisi mno huenda imevunjika na kuachana na mhimili wake.

Ni baada ya hapo tu ndipo mita ya umeme inapotoka mfukoni. Pampu nyingi za aina hii za volti 230 husoma baina ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 100 na 200 kwenye ncha zake. Mita isiposoma chochote, koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya pampu, imekatika na pampu mpya ni halali. Ikisoma vizuri na bado haivumi inapotakiwa kufanya kazi, fuateni nyaya na vishikizo vyake, ambavyo mara nyingi huota kutu au huguguniwa na panya.

Mpira wa kutolea maji nao una kimo chake. Kwa mashine za mlango wa mbele, mkunjo wake wa juu huwekwa kwa kawaida baina ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Nimekuta mpira uliopandishwa hadi dirishani kwa sababu chumba hakina bomba, na pampu ya watu ikalaumiwa kwa kushindwa kupanda ukuta. Ukiachwa chini kabisa, maji hujivuta na kutoka hata wakati mashine ingali inajaza.

Mashine za mapipa mawili, ambazo ndizo nyingi mitaani, ni habari nyingine. Nyingi hazina pampu: ukigeuza swichi ya kutoa maji, kamba au mkanda mdogo huvuta kizibo, na maji hushuka kwa uzito wake. Hapo mpira sharti ulale chini. Ukiuinua kwenye ukingo wa karo, maji hayatatoka hata ukibadilisha kila kitu. Kama umelala vizuri na bado hayatoki, tazameni kamba imelegea au uchafu umekwama chini ya kizibo.

Mkimaliza, rudishieni kila kitu, jazeni maji bila nguo, na mtoe mara mbili mfululizo: mara ya kwanza kwenye ndoo, mara ya pili kwenye bomba la nyumba. Wakati maji yanatoka, pitisheni karatasi kavu chini ya kifuniko cha chujio. Ikilowa, mpira wa kuzibia ulio kwenye kifuniko hicho haukukaa sawasawa au una chembe ya mchanga, nanyi bado hamjamaliza kazi.