Kabla ya Kuomba Kuongoza Mradi wa Chanzo Huria

Tangu nianze kusimamia timu inayotengeneza programu huria ya kufuatilia akiba ya dawa katika zahanati, yaani programu ambayo msimbo wake, maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuuboresha, vijana wengi hapa Kisumu hunitumia barua zao za maombi nizipitie kabla hawajazipeleka kwenye miradi mikubwa. Karibu zote zina ugonjwa mmoja. Mwandishi anajisifu kwa lugha za kuandikia programu anazozimudu, Python, Java, JavaScript, halafu anamaliza kwa kuahidi bidii. Kwa kampuni, barua hiyo ingepita. Kwa mradi wa chanzo huria haisaidii sana, maana wanaokuchagua hawahitaji kuambiwa unajua nini. Msimbo wako wote, pamoja na kila ulichobishania na jinsi ulivyobishana, uko hadharani, nao wataupekua.

Basi barua yako iwaonyeshe pa kutazama. Chagua mambo matatu au manne uliyoyafanya, weka kiungo cha kila moja, eleza kwa ufupi uliamua nini na kwa nini. Na yasiwe ya msimbo pekee. Kama uliandika upya maelezo ya kusakinisha programu baada ya wageni kukwama pale pale kila mara, hiyo ni kazi ya kiongozi, itaje.

Nilipohojiwa mimi, tulikaa muda mrefu zaidi kwenye mchango mmoja wa msimbo nilioukataa. Msanidi mmoja, yaani mwandishi wa programu, alikuwa ameleta skrini mpya ya kupokea dawa, ya kupendeza kabisa, ila ilitaka intaneti muda wote. Anayejua zahanati za huku kwetu, tuseme ukishapita Ahero kuelekea Nyakach, anajua mtandao huja na kuondoka. Nilimjibu hivi: "Asante kwa kazi hii. Nimeijaribu kwenye simu yangu na inaenda vizuri. Siwezi kuiunganisha na programu yetu ilivyo, kwa sababu muuguzi akikosa mtandao katikati ya kupokea dawa, alichoandika kinapotea. Sehemu ya kukagua tarehe ya dawa kuisha nguvu inaweza kusimama peke yake. Ukiitenganisha, nitaipitia wiki hii." Aliitenganisha, tukaiunganisha, na bado yuko nasi.

Sababu niliyompa ilimhusu muuguzi, haikuhusu ladha yangu. Mchangiaji wa kujitolea humlipi mshahara, huna cha kumtishia nacho. Ukimkataa kwa kiburi anafunga laptopu na humwoni tena. Ukikubali kila kitu ili usimuudhi mtu, programu inakufa polepole. Kwa hiyo nikisoma ombi la mtu anayetaka kuongoza, natafuta kwanza alivyowahi kusema hapana. Nisipoipata hata moja, nashuku kwamba bado hajabeba mzigo wowote.

Usiwe na haraka pia. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund aligundua mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu ndani ya xz, programu ya kubana data inayotumika kwenye mifumo mingi ya Linux. Aliyeuweka alijiita Jia Tan. Alikuwa amechangia kwa zaidi ya miaka miwili, na kuna akaunti nyingine zilizokuwa zikimsukuma mtunzaji wa xz, mtu mmoja wa kujitolea aliyekwisha choka, agawane madaraka. Tangu hapo mgeni anayeng'ang'ania funguo za mradi, yaani ruhusa ya kubadilisha msimbo wake, hutazamwa kwa jicho la pembeni, na ni haki. Hudhuria vikao, washa kamera, fahamika kwa sura na sauti.

Soma pia kanuni za mradi wenyewe, kwa sababu hazifanani. Debian, mradi unaotengeneza mfumo wa Linux, huchagua kiongozi kila mwaka: wagombea hujipendekeza, huandika sera zao, kisha wasanidi hupiga kura, na kwenye karatasi ya kura kuna nafasi ya kusema hakuna anayefaa. Mradi wa lugha ya Python, baada ya mwanzilishi wake Guido van Rossum kujiuzulu uongozi mwaka 2018, huongozwa na baraza la watu watano. Kwingine kiongozi huajiriwa na kampuni. Barua ya Debian ukiipeleka kwa mwajiri itaonekana kama hotuba ya kampeni.

Kuna wanaoficha kwamba wako Kakamega au Nakuru, wakidhani wataonekana wadogo. Sioni sababu. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa unaotumika nchi nyingi, ulianza kufanya kazi Eldoret mwaka 2006, na KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa hapa Kenya, imejengwa juu yake. Kumjua karani wa zahanati kwa karibu ni sifa ambayo msanidi wa California hana.

Ila kuhusu saa, sema kweli. Kikao cha saa tatu asubuhi California huwa saa moja jioni kwetu, lakini wao wakirudisha saa nyuma Novemba kinasogea hadi saa mbili usiku, na sisi saa zetu hazibadiliki. Andika ni saa ngapi kwa wiki utazitoa, vikao gani utavimudu, na nani atatoa toleo jipya siku stima imepotea kwako na bando limeisha. Mwenye jibu la swali hilo la mwisho huwa namsoma mara ya pili.

Na kama umeajiriwa, angalia mkataba wako. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, kazi uliyoifanya kama sehemu ya ajira yako ni ya mwajiri, isipokuwa mmekubaliana vingine. Mradi unaweza kukutaka uthibitishe kwamba msimbo unaoleta ni wako kuutoa. Zungumza na bosi kabla ya kutuma ombi, na akikubali, mwombe akuandikie.