Gari la Michezo kwa Safari ya Kazini ya Kila Siku: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Ndugu mhariri, kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiweka akiba ili ninunue gari dogo la michezo lenye viti viwili, lililokwisha kutumika. Ninaishi kilomita 18 kutoka kazini. Nusu ya njia ni barabara kuu isiyo na shida, na nusu iliyobaki ni foleni ya kusogea na kusimama, tena yenye matuta. Sina gari jingine. Jamaa na marafiki wananiambia kwamba gari la namna hiyo ni la mwisho wa juma tu, na kwamba nikilipeleka kazini kila siku litakuwa chuma chakavu kabla ya mwaka kuisha. Je, ni kweli? Na kama si kweli, nichague la aina gani?
(Jina limehifadhiwa)

JIBU: Si kweli, ndugu yangu, ingawa nawaelewa wanaokuonya. Gari la michezo lililotunzwa vizuri haliharibiki kwa sababu tu ya kutumika kila siku, na mara nyingi linaloharibika ni lile linalokaa. Gari likisimama wiki baada ya wiki, betri huishiwa chaji, diski za breki hushika kutu, matairi hupata bapa pale yanapogusa sakafu, petroli hupoteza ubora wake ndani ya tangi, na sili za mpira hukauka zikaanza kuvujisha oili. Niliwahi kumsindikiza rafiki kukagua gari lililosifiwa kwamba limetembea kilomita chache mno. Mifereji ya matairi ilikuwa mizuri kabisa, lakini nilipoinama kusoma ubavuni nikakuta tarakimu nne za mwisho za utengenezaji zinaonyesha kwamba matairi yale yalikuwa na umri wa zaidi ya miaka kumi, na nilipokwangua mpira kwa ukucha niliona nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka. Nakusihi uzisome tarakimu hizo kabla ya kulipa: mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, kwa hiyo 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014.

Mimi mwenyewe niliendesha gari la viti viwili kwenda na kurudi kazini kwa miaka sita, mvua na jua, na jambo kubwa nililojifunza ni kwamba kabla hujalitazama gari, itazame kwanza njia yako. Chagua asubuhi moja ya kawaida, ukiwa katika usafiri unaoutumia sasa, uhesabu ni mara ngapi unasimama kabisa, matuta ni mangapi, na maji hutuama wapi mvua ikinyesha. Usisahau mlango wa maegesho ya kazini, kwa maana mwinuko wa pale mlangoni huweza kukwaruza bampa hata kama barabara yote iliyotangulia ni laini.

Njia yako, kwa jinsi ulivyoieleza, ina heri na ina mtihani. Heri ni zile kilomita za barabara kuu, kwa kuwa zinaipa injini nafasi ya kupata moto sawasawa. Watu wengi hawajui kwamba maji ya rejeta hufikia joto lake la kazi, karibu nyuzi 90, mapema kuliko oili, na kwamba oili huweza kuhitaji dakika kumi au zaidi kabla haijawa nyepesi ya kutosha kulinda vyuma chini ya nguvu kubwa. Kwa hiyo sindano ya joto ikitulia katikati ya kipimo chake, usichukulie kwamba umeruhusiwa kukanyaga mafuta mpaka chini. Endelea taratibu kwa kilomita kadhaa zaidi, na kama gari lina turbo, ile feni inayosukuma hewa zaidi ndani ya injini, shika kanuni hiyo kwa nguvu zaidi, kwa sababu turbo huzunguka kwa kasi ya ajabu huku ikitegemea utando mwembamba wa oili tu.

Mtihani ni foleni, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini. Foleni haiui injini, inaua klachi, yaani sahani zinazounganisha injini na giaboksi. Mwenye giya za mkono anayelishikilia gari mlimani kwa nusu klachi, au anayesogea hatua moja moja mguu ukiwa haujatoka kabisa kwenye pedali, anaisaga klachi yake kila sekunde. Wengine hudhani wameepuka tatizo hili wakinunua giaboksi ya klachi mbili inayojibadilisha yenyewe, kumbe kompyuta ya giaboksi hiyo, gari linapotambaa polepole, hufanya jambo lilelile ambalo mguu ungefanya: huacha klachi iteleze. Zile zenye klachi kavu hupata joto haraka kuliko zile zinazooga katika mafuta. Dawa ni moja kwa aina zote mbili: acha nafasi mbele yako, subiri ifunguke, nenda mpaka klachi ishike kabisa, kisha simama. Wa nyuma wataweza kupiga honi, wapige. Ikiwa foleni yako ni ya saa nzima kila siku, ningekushauri utafute giya za otomatiki za kawaida, zile zinazopitisha nguvu kwa mafuta badala ya klachi kavu, hata kama wapenzi wa magari haya watakucheka.

Sasa uchaguzi. Kosa linalonihuzunisha ni la kununua nguvu za farasi ambazo njia haina pa kuzitumia. Katika safari ya kazini, furaha ya gari la michezo hutoka katika usukani unaojibu, uzito mdogo, na kiti kilicho chini karibu na barabara, na yote hayo unayapata hata ukiwa katika mwendo halali. Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, ilikuwa na injini ya lita 1.6 na uzito wa chini ya kilo 1,000, na uzao wake umeuza zaidi ya magari milioni moja. Kwangu mimi hilo ndilo jibu la kwanza kwa mtu mwenye njia kama yako. Gari jepesi lina matairi ya bei nafuu, breki zinazodumu, na klachi isiyobeba mzigo mkubwa kila linapoondoka. Anayehitaji nafasi zaidi atazame Porsche 911, ambayo tangu ilipoonyeshwa mwaka 1963 imebeba injini nyuma na viti viwili vidogo vya akiba nyuma ya dereva, vinavyofaa mabegi kuliko watu wazima. Honda NSX, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, ilithibitisha kwamba gari lenye injini katikati laweza kuwa na vioo vipana vya kuonea na klachi isiyomchosha mguu mwenye haraka ya kwenda ofisini. Lakini leo imekuwa gari la wakusanyaji, nami nisingeliacha juani kutwa nzima.

Lipo jambo moja utakalolipima mwenyewe bila fundi, nalo ni urefu wa ubavu wa tairi. Chukua tairi lililoandikwa 245/35 R19. Namba 245 ni upana kwa milimita, na 35 ni asilimia ya upana huo inayofanya ubavu, kwa hiyo kati ya rimu na lami pana milimita 86 tu za mpira na hewa. Linganisha na 205/55 R16, ambalo ubavu wake ni karibu milimita 113. Hizo milimita 27 za ziada ndizo zinazoamua, siku utakapoingia shimoni usiku, kama utaendelea na safari au utapinda rimu. Magari mengi ya modeli moja huuzwa yakiwa na ukubwa zaidi ya mmoja wa rimu ulioidhinishwa na kiwanda. Kwa matumizi ya kila siku chukua ule mdogo, macho yatazoea. Na kabla hujatoka gereji ya muuzaji, fungua buti: mengi ya magari haya hayana tairi la akiba, yana chupa ya gundi na pampu ndogo, na gundi haizibi ubavu uliopasuka.

Matuta hayatakuwa adui ukijua kimo cha gari lako. Mengi yameinuka milimita 100 hadi 130 kutoka ardhini. Nenda polepole na kwa pembe, gurudumu moja baada ya jingine, ili mdomo wa bampa usitangulie kugonga. Na kama gari lina mtambo wa kuinua pua, utumie bila aibu.

Kuhusu petroli, soma kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi. Kikitaka oktani ya juu, nunua hiyo, kwa sababu petroli ya oktani ndogo huweza kulipuka silindani kabla ya wakati wake, kompyuta ikachelewesha cheche ili kuiokoa injini, nawe ukapoteza nguvu na mara nyingine ukatumia mafuta mengi zaidi ya yale uliyodhani umeyaokoa.

SWALI: Gari langu la michezo nalitumia kwenda kazini kilomita tatu tu, na kurudi tatu. Juzi nilifungua kifuniko cha oili nikakuta chini yake utando mzito wa rangi ya maziwa. Jirani ameniambia gasketi ya silinda imeungua. Nimepoteza usingizi.
(Msomaji mwenye wasiwasi)

JIBU: Pole sana, na tulia kwanza. Petroli ikiungua hutoa maji. Kila lita moja inayochomwa huzaa takriban lita moja ya maji, ambayo karibu yote hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke. Lakini sehemu ndogo hupenya kando ya pistoni na kushuka penye oili, na injini isipopata moto wa kutosha kuyafukuza, maji hayo hupanda yakagandia sehemu yenye baridi zaidi, ambayo ni kifuniko ulichokifungua, yakachanganyika na oili kuwa ule ute mweupe. Kwa safari za kilomita tatu, hicho ndicho ninachokitarajia.

Hata hivyo usiamini neno langu bila kupima. Injini ikiwa baridi, chomoa kijiti cha kupimia oili ukifute na ukichomeke tena: oili yake ikiwa safi na si ya rangi ya maziwa, hiyo ni dalili njema. Kisha tazama maji ya rejeta kwenye chupa yake, weka alama, na uangalie kwa wiki mbili kama yanapungua. Yakipungua bila kuvuja popote, au injini ikichemka, au moshi mweupe ukiendelea kutoka hata injini ikiwa ya moto, basi jirani yako huenda yuko sahihi kwamba gasketi, ile inayotenganisha maji na oili, imeungua, na usiliendeshe tena mpaka fundi aikague.

Kama ni unyevu tu, futa kifuniko, na angalau mara moja kwa wiki litoe gari kwenye barabara ya wazi kwa nusu saa au zaidi. Badilisha oili kwa kufuata kalenda bila kungoja kilomita, kwa kuwa safari fupi za baridi huingiza maji na pia petroli isiyoungua ndani ya oili. Mimi ningebadilisha katika nusu ya muda ulioandikwa kitabuni. Nitasema pia jambo ambalo huenda usilipende: kwa kilomita tatu, miguu au baiskeli ni rafiki mkubwa wa injini yako kuliko oili yoyote ya gharama.

SWALI: Matairi yangu ya nyuma yanaonekana mazuri, lakini gari limeanza kuteleza mvua ikinyesha. Je, nibadilishe matairi ya mbele yaende nyuma?
(Msomaji wa miaka mingi)

JIBU: Huenda huwezi. Katika magari mengi ya aina hii matairi ya nyuma ni mapana kuliko ya mbele, kwa hiyo hayahamishiki. Kwanza liinue gari kwa jeki imara lenye stendi zake, upitishe kiganja taratibu kwenye ukingo wa ndani wa tairi, ule usioonekana ukiwa umesimama. Magurudumu ya magari ya michezo hupangwa yakiinamia ndani kidogo kwa juu ili yashike barabara vizuri kwenye kona, na mwenye kwenda moja kwa moja kazini kila siku hulila tairi upande ule mmoja. Kwenye gari langu niliwahi kuona mifereji ya nje ikiwa na milimita tano huku ndani nyuzi za chuma zimeanza kuchungulia, na nilikuwa nimesafiri nalo juma zima katika mvua. Usingoje kina cha mifereji kifike kikomo cha milimita 1.6 kinachotajwa na sheria za nchi nyingi. Kwa tairi pana, ambalo hupata shida zaidi kusukuma maji pembeni, badilisha mifereji ikifika milimita tatu. Fundi apime mpangilio wa magurudumu siku hiyohiyo, maana tairi jipya juu ya mpangilio uliopotoka litaliwa vilevile. Kama unaishi penye baridi, kumbuka kwamba mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu joto likishuka chini ya takriban nyuzi 7, na hapo hata tairi lenye mifereji kamili litateleza.

SWALI: Bima niliyonayo ni ya matembezi ya mwisho wa juma. Nikianza kwenda nalo kazini, lazima niseme?
(Msomaji mpya)

JIBU: Sema, tena kabla ya safari ya kwanza, na upate maandishi yanayotaja kwenda na kurudi kazini. Ukipata ajali asubuhi ya siku ya kazi huku mkataba unasema matembezi tu, kampuni inaweza kukataa kulipa, hata kama kosa halikuwa lako.