Kichupa cha Chanjo, Pesa Zenye Jina na Maswali Mengine

Maswali yenu kuhusu mashirika ya kimataifa ya afya yamejaa mezani. Nimechukua matano. Yaliyokuwa matusi matupu nimeyaacha yapumzike.

WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, inaweza kuilazimisha nchi ifunge mipaka au ichanje watu?

Haiwezi. Haina polisi wala jela. Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005 zinaitaka nchi itoe taarifa ndani ya saa 24 inapobaini tukio linaloweza kuwa dharura ya dunia, lakini mpaka hufungwa na serikali yenyewe. WHO ina nguvu ya kusikilizwa: wizara nyingi zikiandaa mwongozo wa tiba, huanza kwa kufungua ule wa WHO.

Sijawahi kumwona mtu wao hata mmoja. Wananigusa wapi?

Siku ukimpeleka mtoto kliniki, mwombe muuguzi akuonyeshe kichupa cha chanjo. Vingi vina mduara wa rangi, na ndani yake kuna mraba uliopauka. Kichupa kikipigwa na joto, mraba unakolea, na haurudi nyuma hata ukikirudisha kwenye friji. Ukilingana rangi na mduara au kuupita, kichupa hicho hakitumiki tena, hata kama tarehe yake haijafika.

Alama hiyo ilianza na matone ya polio mwaka 1996. Kabla yake, umeme ukikatika usiku kucha, asubuhi mhudumu alibaki kubahatisha: amwage chanjo nzima, au ampe mtoto iliyokufa? UNICEF, mnunuzi mkubwa wa chanjo za watoto, waliidai alama hiyo kwenye zabuni zao, na viwanda vikatii. Ushawishi wa mashirika haya mara nyingi uko hivyo: sharti moja la manunuzi linafika hadi kwenye mkono wa muuguzi, na hakuna aliyeitisha mkutano wa hadhara.

Kwa nini zahanati ina dawa za malaria lakini za presha hakuna?

Kwa sababu pesa nyingi za nje huja zikiwa na jina. Mfuko wa Dunia ulioanzishwa 2002 unashughulikia UKIMWI, kifua kikuu na malaria. Mwenye presha hayumo katika hesabu hiyo. WHO nayo imebanwa vivyo hivyo: ada za lazima za nchi wanachama hazitoshi, na sehemu kubwa ya bajeti yake ni michango ya hiari, mingi ikiwa imeshapangiwa kazi na mtoaji. Siulaumu Mfuko, dawa zake zimewaweka hai watu wengi mno. Namlaumu mpangaji wa bajeti anayeona kwamba ugonjwa usio na mfadhili si ugonjwa.

Kwa nini watu huwafukuza wahudumu wa mashirika haya wakati wa mlipuko wa ugonjwa?

Kumbuka ebola ya Guinea, Liberia na Sierra Leone, 2014 hadi 2016, iliyoua zaidi ya watu 11,000. Maiti ya ebola huambukiza sana, kwa hiyo kuzuia kuosha maiti kulikuwa sahihi kitaalamu. Lakini jaribu kuona walichokiona wafiwa: watu wamevaa mavazi meupe hadi machoni, wanambeba mama yako kwenye mfuko wa plastiki, hakuna sala, na pengine kaburi hulijui. Familia zikaficha wagonjwa na kuzika usiku.

Novemba 2014 WHO ilitoa utaratibu mpya wa maziko, uliopikwa pamoja na viongozi wa dini. Familia ishirikishwe, Mwislamu atayamamishwe, yaani atwaharishwe bila maji, badala ya kuoshwa, avikwe sanda, kiongozi wa dini aombe. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema. Safari hii mwenyeji ndiye aliyemponya mgeni.

Mimi ni mhudumu wa kujitolea. Sifa zote huenda kwa mashirika. Sisi tuna mchango gani?

Mgonjwa wa mwisho duniani kuupata ugonjwa wa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia, mwaka 1977. Alikuwa amekwepa chanjo kwa kuogopa maumivu ya sindano. Alipona, na miaka mingi baadaye akajiunga na kampeni ya polio nchini mwake. Mzazi akikataa chanjo, Maalin alimsimulia yaliyompata yeye. Aliendelea na kazi hiyo hadi alipofariki mwaka 2013.