Mleta mada, hiyo hela ya kozi usiitume kwanza

Usitume hata senti. Unasema unataka kuanza kuijua Ugiriki ya kale na utamaduni wake, umepata kozi ya mtandaoni ya "Wagiriki walivyoishi, walivyoabudu na walivyotawala", na unauliza kama inafaa, ununue vitabu gani, na kama kuna haja ya kujifunza Kigiriki. Naanza na hiyo kozi maana jina lake tu limenipandisha presha.

Hakukuwa na Wagiriki wa namna hiyo. Kulikuwa na miji zaidi ya 1,000 inayojitawala, imetapakaa kuanzia Hispania hadi mwisho wa Bahari Nyeusi, kila mmoja na sheria zake, majina yake ya miezi na jirani yake wa kugombana naye. Lugha moja yenye lahaja, miungu wenye majina yaleyale, michezo ya Olympia, halafu kila mtu kwao. Anayekwambia "Wagiriki waliamini hivi" bila kutaja mji wala mwaka anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mimi niliuziwa. Kuna jamaa anajiita mwalimu, sauti nzito ya kusoma magazeti redioni, anauza masomo yake kwa mafungu. Nikalipia yote, nikakariri. Wakati huo nilikuwa naomba ufadhili wa kusoma historia nje. Insha ikapita, nikaitwa kwenye usaili kwa video, nikavaa tai (chini nilikuwa na bukta, lakini hilo halikuwa tatizo langu siku ile). Sentensi ya kwanza ya insha ilikuwa hii: "Wagiriki waliungana wakamshinda Mwajemi ili kuilinda demokrasia yao." Niliipenda mno. Jamaa aliitumia kwenye somo la kwanza, nami nikaipamba kidogo.

Mama mmoja wa kwenye jopo, mpole kabisa, akaniuliza: "Pale Plataea, Thebes walikuwa upande gani?"

Plataea ni vita vya mwaka 479 KK, jeshi la nchi kavu la Waajemi lilipovunjwa. Nikajibu kwa kujiamini: upande wa Wagiriki. Wakuu, Thebes, mji wa Kigiriki kabisa, walikuwa upande wa Waajemi! Tena hawakwenda kuhesabiwa tu. Walipangwa kuwakabili Waathene, na Herodotus, mwanahistoria wa karne ileile, anasema watu wao 300 wa mstari wa mbele walifia pale. Watu wa Thessalia nao walikuwa na Mwajemi. Argos walikaa pembeni. Washindi walipoweka kumbukumbu yao Delphi, patakatifu pa mungu Apollo, nguzo ya shaba ya nyoka watatu waliosokotana, walichora juu yake majina ya miji 31. Miji 31 kati ya zaidi ya 1,000, hao ndio "Wagiriki waliungana". Nguzo bado ipo, Constantine, mfalme wa Roma, aliihamishia kwenye mji wake, leo imesimama Istanbul bila vichwa.

Halafu demokrasia ipi? Kinara wa muungano alikuwa Sparta: wafalme wawili kwa pamoja, baraza la wazee 28 waliovuka miaka 60, maefori (maofisa wakuu) watano wa kila mwaka, na mahelot, watu wasio huru, waliolimishwa mashamba kwa nguvu. Demokrasia ilikuwa ya Athens, ilianza na mageuzi ya Cleisthenes mwaka 508 KK, na wanawake, watumwa na wageni hawakuwemo.

Ningenyamaza hapo ingekuwa nafuu. Wakaniuliza kuhusu mwanafalsafa Aristotle, niliyemwandika "raia wa Athens". Alikuwa mtu wa Stagira, kaskazini huko. Athens aliishi kama mgeni mkazi, hana kura, haruhusiwi kumiliki ardhi, na Alexander, mfalme wa Makedonia, alipokufa mwaka 323 KK ilibidi aondoke mjini haraka.

La mwisho ndilo lililonizika. Niliandika kwamba tangu enzi za Pericles, kiongozi wa Athens, "Wagiriki" walifanya biashara na pwani yetu. Maandishi yanayotaja soko la Rhapta huku Azania (pwani yetu ya Afrika Mashariki), pembe za ndovu, magamba ya kasa na mitumbwi ya kushonwa, ni mwongozo wa mabaharia wa karne ya kwanza BK. Aliyeandika alitumia Kigiriki, lakini ni mfanyabiashara wa Misri, na Misri ilikuwa chini ya Roma. Pericles alikufa 429 KK. Nimeruka karibu miaka 500. Mtoto wa pwani naanguka kwenye swali la pwani!

Ufadhili ukaenda kwa mwingine. Nikamwandikia mwalimu wangu, akajibu: "Kimsingi ni walewale tu." Kimsingi! Kisha akaniambatanishia tangazo la kozi yake ya Warumi.

Basi shika hili moja: kila ukikutana na neno Wagiriki, simama uulize wa mji gani na mwaka gani. Umeambiwa mwanamke wa Kigiriki hakuwa na mali? Athens sawa, ardhi haikuwa yake. Sparta, Aristotle huyohuyo analalamika kwamba karibu sehemu mbili kwa tano za ardhi ziko mikononi mwa wanawake. Hata mwaka wenyewe hawakuwa nao wa pamoja. Thucydides, mwanahistoria wa Athens, anapotaka kusema vita vya Athens na Sparta vilianza lini (kwetu ni 431 KK), inabidi ataje kwamba Chrysis alikuwa na miaka 48 katika ukuhani wa mungu wa kike Hera kule Argos, Ainesias ni efori Sparta, na Pythodoros anakaribia kumaliza muda wake wa uarkoni (cheo cha mwaka mmoja) Athens. Kalenda tatu kwa siku moja, ili wasomaji wa miji tofauti waelewane.

Kwa hiyo kabla ya kitabu chochote, tafuta ramani, uichape kubwa, uibandike ukutani. Herodotus mtie Halicarnassus, leo Bodrum, Uturuki. Archimedes mtie Syracuse, Sicilia. Pythagoras mtoe Samos umpeleke Croton, Italia. Sappho yuko Lesbos. Socrates ndiyo, huyo ni wa Athens kweli, mwachie hapo. Ukimaliza ndipo usome Herodotus taratibu, kalamu mkononi.

Na hao miungu unaowapenda, ni hivyohivyo. Mchukue Artemis, mungu wa kike wa uwindaji. Artemis wa Brauron, karibu na Athens, mabinti wa Athens walimchezea ibada ya kujifanya dubu. Artemis Orthia wa Sparta, vijana walichapwa viboko mbele ya madhabahu yake. Waulize wenye kozi somo lao la Artemis linamhusu yupi. Wakikujibu "kimsingi ni yuleyule", huyo ni mwalimu wangu, mwambie namdai.