Mzaha wa kabila na sheria: ushauri kwa wachekeshaji chipukizi

Tangu nianze kuwaandikia wachekeshaji hapa Nairobi, chipukizi huniuliza swali lile lile: hii naweza kushtakiwa nayo? Nami huwauliza, unamcheka nani?

Ukimcheka mkubwa, usitetemeke. Ibara ya 33 ya Katiba ya 2010 inalinda uhuru wa kujieleza, na hakuna mahali inapokataza kumuudhi kiongozi. Mwaka 2017 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumfunga mtu jela kwa kosa la kukashifu kunakiuka Katiba. Aliyekashifiwa aende akadai fidia. Ila usitunge mzaha ukafanana na taarifa rasmi ya serikali, maana sheria ya makosa ya mtandaoni ya 2018 iliweka adhabu kwa habari za uongo.

Penye moto ni kabila. Ibara hiyo hiyo hailindi matamshi ya chuki. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilitungwa baada ya watu zaidi ya 1,100 kuuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, na kifungu chake cha 13 kinaweza kukupeleka jela hadi miaka 3, au ulipe faini ya hadi shilingi milioni 1, au vyote viwili. Wengi hudhani kusema "nilikuwa natania" kunatosha. Hakutoshi. Mbali na nia yako, kifungu kinauliza kama, kwa mazingira yalivyo, chuki ya kikabila ingeweza kuchochewa. Utani kwamba Mkikuyu hupenda pesa unaochekwa ukumbini, Wakikuyu wenyewe wakiwemo, si ule ule ukisambazwa WhatsApp kule Eldoret wiki ya kupiga kura. Watu walifukuzwa makwao pale katika ghasia zile. Mwaka 2022 tume ya uwiano iliingiza "madoadoa", jina la kuwadharau watu wa kabila jingine wanaoishi kati ya wenyeji, katika orodha ya maneno ya chuki, na naona ilifanya vyema.

Mimi hufuta mstari wowote unaomfanya binadamu kuwa mdudu, doa au takataka, hata ukichekesha vipi. Utani wa kabila fulani humsomea kwanza mtu wa kabila hilo, asiyenitegemea kwa malipo ili asinifiche. Rekodi onyesho zima uihifadhi: wakikata kipande cha nusu dakika wakakisambaza, utaweza kuonyesha kilichotangulia na kilichofuata. Na polisi wakikukamata, usiandikishe taarifa kabla ya kuzungumza na wakili. Ibara ya 49 inakupa haki ya kunyamaza.