Sekta ya 63 na kiburi cha kubonyeza Enter

Wiki hii amenijia wa tatu. "Kaka, nimeongeza diski ya VM mpaka GB 60 lakini df bado inasema 20. VirtualBox ina matatizo?" Mdogo wangu, VirtualBox, programu inayoendesha hizo VM (kompyuta pepe ndani ya kompyuta yako), haina tatizo; df ni amri inayoripoti nafasi ya mfumo wa faili tu. Umenunua kiwanja cha jirani, umelipa, umepewa hati, halafu umekaa sebuleni unasubiri kuta zisogee zenyewe. Diski imekua, patisheni (kipande cha diski kilichotengwa) iko palepale, na mfumo wa faili (mpangilio unaotunza faili) uliomo ndani yake hata habari haujapata.

Nawapenda, ndiyo maana naandika badala ya kufoka. Someni.

1. Kwanza jua kilichojaza. Piga du -xsh /var/* kabla ya kugusa chochote. Mara nyingi mwizi ni logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo): journalctl --vacuum-size=200M, unarudi kwenye chai yako. Mmoja wenu, simtaji, aliongeza diski mara tatu ili kulisha skripti iliyokuwa ikilalamika kila sekunde kwamba haioni printa. Printa yenyewe ilishauzwa.

2. Snapshoti (hali ya VM iliyogandishwa ili uweze kuirudia) si bakapu. Tena kwenye VirtualBox ndiyo itakayokuchanganya: ukiongeza diski mama huku snapshoti zipo, VM inaendelea kusoma diski ya tofauti (faili linaloandikwa mabadiliko tangu snapshoti) yenye ukubwa wa zamani, nawe unaapa kwamba amri haikufanya kazi. Zima VM, futa snapshoti, nakili VDI (faili la diski ya VM) nzima pengine, ndipo upige VBoxManage modifymedium disk na --resize 40960. Hesabu ni ya megabaiti. Ukiandika 40 ukidhani ni GB itakukatalia, maana hiyo amri haipunguzi; mshukuru Mungu kwa hilo.

3. Andika sekta ya mwanzo ya patisheni, yaani namba ya kipande kidogo cha diski inapoanzia. Kwa kalamu. Kwenye karatasi.

Hapa nikae kidogo, maana kovu bado linawasha.

Ilikuwa 2013. Ofisi niliyokuwa nafanyia kazi ilikuwa na VM ya ankara, Debian 5 yenye diski ya GB 8, na ilijaa Ijumaa mchana. Nikasema mbele ya watu, "Dakika ishirini tu." Nilifuta snapshoti kama nilivyowaambia hapo juu. Kunakili VDI sikunakili. Hosti (kompyuta inayobeba VM) ilikuwa na nafasi tele, na kazi yenyewe ingechukua muda wa kula chipsi, lakini nilikuwa nimeshatamka ishirini mbele ya watu.

Diski ikawa GB 40 bila shida. Nikabuti CD mpya ya uokoaji, nikafungua fdisk, programu ya kuhariri jedwali la patisheni. Wale mliozoea growpart, inayopanua patisheni kwa amri moja, hamjui raha hii: unafuta patisheni kwenye jedwali, unaiunda upya ianzie palepale na kuishia mbali zaidi, data haiguswi. Nikafuta swopu (patisheni ya kusaidia RAM) iliyokuwa imekaa katikati ya njia, nikafuta sda1, patisheni yenye data. Kisha n, p, 1. Ikaniuliza sekta ya mwanzo, ikapendekeza 2048. Enter. Sekta ya mwisho, Enter. w. Nilibonyeza kama mpiga kinanda wa kwaya.

e2fsck, amri ya kukagua mfumo wa faili, ikajibu kwamba namba ya utambulisho kwenye superbloku (rekodi kuu ya mfumo wa faili) ni mbovu. Ikapendekeza nijaribu superbloku ya akiba, -b 8193. Nikajaribu. Nikajaribu 32768. Nikajaribu namba nilizozitoa kichwani, kama mtu anayebahatisha nywila ya simu ya mkewe. Hakuna. Saa mbili usiku mhasibu akapita akauliza kama zile dakika ishirini zimeisha. Nikamwambia bado kidogo. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye mke2fs yenye -S, amri ya kuandika superbloku upya kwa kubahatisha, na ningeiandika mahali pasipo pake, juu ya data za watu.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja wa idara aliyerudi kuchukua koti lake. Akatazama kioo, hakukaa hata kwenye kiti. "Ilianzia wapi?"

Sikujua. Sikuwahi kuangalia. Kimya kile nakisikia mpaka leo.

Debian hiyo ilikatwa kwa mtindo wa kale, patisheni ya kwanza ikianzia sekta ya 63. Fdisk za miaka ile mipya zilishahamia 2048, yaani megabaiti moja kamili, ili zilingane na diski na SSD za kisasa. Nilikuwa nimehamisha bikoni ya kiwanja kwa sekta 1,985, haifiki hata megabaiti moja, na nyumba nzima ikapotea machoni. Haikuwa imebomoka. Nilikuwa nabisha hodi ukutani.

Mzee akanielekeza TestDisk, programu ya kutafuta patisheni zilizopotea. Ikapekua, ikaiona ile patisheni ya zamani ilivyokuwa, tukaandika jedwali upya, faili zikaonekana. Akaondoka na koti lake. Nikanakili VDI, safari hii kwa unyenyekevu, nikaanza tena. fdisk ikakataa kupokea 63 mpaka nilipoifungua kwa -c=dos, hali ya mtindo wa kale. Nilimaliza saa tisa usiku. Mhasibu hakuwahi kujua, na tafadhali asijue.

4. Yaliyobaki nayasema haraka. Piga fdisk -l kabla na uihifadhi nje ya VM. Ukiunda swopu upya inapata UUID (namba ya kipekee ya utambulisho) mpya, kwa hiyo rekebisha fstab, faili la orodha ya patisheni za kutumika wakati wa kuwasha, la sivyo utakaa sekunde 90 kila ukiwasha. Kukuza mfumo wa faili wa ext4 ni resize2fs. Wa XFS ni xfs_growfs, tena ikiwa imemauntiwa (imepachikwa na inatumika), na usiahidi mtu kwamba utaipunguza. Diski ya GPT (jedwali la patisheni la mtindo mpya) ikikua, nakala ya jedwali iliyokuwa mwishoni inabaki katikati. Sgdisk -e inaipeleka mahali pake. Kupunguza kunakwenda kinyume: mfumo wa faili kwanza, patisheni baadaye, na ukikosea mpangilio usinipigie simu usiku. Windows ikikataa kupanua C: angalia patisheni ya uokoaji iliyojipachika pembeni yake.

5. Nilitaka kueleza LVM, tabaka la kugawa diski kwa urahisi juu ya patisheni, kwa kirefu, lakini yule wa GB 60 amekuja tena wakati naandika. VM yake ni Ubuntu Server yenye LVM. Tukapiga growpart /dev/sda 3, pvresize, lvextend -r -l +100%FREE, dakika mbili, df ikanyoosha mikono. Alifurahi sana. Nikamwuliza bakapu aliichukua wapi kabla hatujaanza.

"Usijali kaka. Nina snapshoti."